Maswali Matatu Hayatoshi

"Kwa sababu ya muda, tutachukua maswali matatu tu, halafu mwasilishaji atayajibu kwa pamoja." Aliyewahi kukaa kwenye kongamano la falsafa katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki ameisikia kauli hii mara nyingi. Wengi wameshaizoea. Mimi imenishinda, kwa sababu kila mwenyekiti akiitamka naona tumefuta shughuli yenyewe iliyotukusanya, tukabaki na maandalizi yake.

Ratiba zetu zinajulikana. Asubuhi huliwa na ufunguzi: utambulisho, salamu za mkuu wa idara, salamu za uongozi wa chuo, hotuba ya mgeni rasmi, picha ya pamoja. Vikao vilivyopangwa kuanza saa tatu vinaanza saa tano. Watu watano wanapangwa kwenye kikao kimoja, kila mmoja na dakika zake 15, na kila mmoja anasoma slaidi zilizojaa maandishi mpaka anapopitishiwa kikaratasi kwamba zimebaki dakika 2. Hapo anaruka hoja ya katikati, ile iliyobeba mada nzima, akimbilie hitimisho. Kinachobaki mwishoni kinagawanywa kwa ukumbi mzima.

Mtafiti wa kilimo anaweza kuvumilia utaratibu huo. Amekuja na takwimu za mavuno, nawe unaondoka nazo hata kama hukuuliza neno. Mwanafalsafa hana shamba la majaribio. Hoja yake haina pengine pa kupimwa ila mbele ya mtu mwingine anayeielewa, anayeitilia shaka, na anayeruhusiwa kuing'ang'ania.

Ajabu ni kwamba sisi ndio tuliopaswa kulijua hili kuliko wengine. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyeanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, alijenga kazi yake yote maarufu juu ya kuuliza na kuuliza tena. Mwaka 1978 alikwenda Accra, kwenye kongamano la kumkumbuka Anton Wilhelm Amo, yule mzaliwa wa Axim aliyesoma na kufundisha falsafa Ujerumani katika karne ya 18. Huko Oruka aliwasilisha mada iliyogawa falsafa ya Afrika katika mikondo minne, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa wazee wenye hekima ambao hawakupitia chuo chochote. Wapo wazee, alisema, wanaojua vizuri sana yale jamii yao inayoamini na wanaweza kukusimulia kutwa nzima. Na wapo wengine wanaoweza kusimama kando ya imani hizo, wakazipima na hata kuzikataa kwa sababu zao wenyewe. Utawatofautishaje? Kwa kuwasikiliza tu huwezi. Lazima umuulize mzee, akijibu umuulize kwa nini, akitoa sababu uigeuze umuoneshe upande wa pili.

Mmoja wa wazee hao alikuwa Paul Mbuya Akoko, Mjaluo. Alipoulizwa kuhusu Mungu alisema Mungu ni mmoja kwa watu wote, na hakuishia hapo. Alitoa sababu: kama miungu ingekuwa mingi yenye nguvu sawa, ingegombana, na maumbile yangevurugika. Lakini maumbile yana utaratibu wake. Mbwa huzaa mbwa, hazai paka. Kisha akakiri kwamba Mungu ni nini hasa, hajui.

Hiyo ni hoja kamili, na mtu akiisikia anapata hamu ya kuingia. Mimi ningemuuliza: Mzee, kwa nini miungu mingi isiweze kukubaliana? Wazee wa baraza ni wengi na bado kijiji kina utaratibu. Pengine angenijibu kwamba makubaliano yao nayo yanahitaji wa kuyasimamia, na huyo ndiye Mungu. Nami ningemrudia: basi huyo msimamizi naye anasimamiwa na nani? Tungekuwa tumefika mahali ambapo hakuna kati yetu aliyefika peke yake. Peter Bodunrin wa Nigeria alimkosoa Oruka kwa jambo hili hili: kwamba kinachopatikana kwenye mahojiano hayo ni zao la watu wawili, mzee na msomi anayemchokonoa, kwa hiyo si falsafa ya mzee peke yake. Ukosoaji ni wa haki. Lakini kwangu unathibitisha kwamba fikra nzuri huzaliwa kati ya watu wawili. Kongamano linalowanyima watu hao nafasi ya kurudishiana maneno limejinyima kitu kilichokuwa chake.

Kuna klabu ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambayo mwaka 1912 ilijiwekea kanuni kwamba mada isizidi dakika 7, isipokuwa kwa ruhusa ya mwenyekiti, ili muda uliobaki uwe wa majadiliano. Mwishoni mwa mwaka huo kijana Ludwig Wittgenstein, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri, aliwasilisha mada juu ya falsafa ni nini. Alitumia kama dakika 4. Sisemi tuige kila kitu cha Cambridge, wala dakika 4 hazimtoshi kila mtu. Nasema walijua walichokutania.

Ningependa kuona hivi: mada zitumwe kwa washiriki wiki mbili kabla. Mwandishi apewe dakika 10 za kukumbusha hoja yake. Afuate mchokoza mada aliyeisoma kwa makini na kuandika pingamizi lake. Zibaki dakika 40 za ukumbi, swali moja moja, na kila aliyeuliza awe na haki ya swali la nyongeza, kama wabunge wanavyopewa bungeni. Hili la mwisho ndilo ninalolililia zaidi. Maswali yakikusanywa matatu matatu, mwasilishaji hujibu lililo jepesi, na aliyeuliza gumu hana namna ya kusema, "Profesa, samahani, hapo hujanijibu."

Najua pingamizi la waandaaji, na lina uzito. Vyuo vingi hutoa nauli kwa mtu anayewasilisha tu, na uwasilishaji unahesabiwa anapoomba kupandishwa cheo. Ukipunguza mada, umewafungia mlango wahadhiri vijana. Basi mada nyingine zibandikwe kwenye mabango, waandishi wasimame hapo wakiulizwa na kila anayepita, nao wapewe cheti kama wengine. Mhadhiri kijana anayekabwa kwa maswali nusu saa mbele ya bango lake atarudi na kitu cha kurekebisha. Aliyesoma slaidi mbele ya watu wanaosubiri chakula cha mchana atarudi na cheti tu.

Suala la heshima linanigusa zaidi. Mwanafunzi wa uzamili anamwamkia profesa shikamoo, anakaa, na pingamizi lake linabaki kwenye daftari kwa kuogopa kuonekana mjuaji. Mwenyekiti anaweza kulimaliza hili kwa kutoa swali la kwanza kwa wanafunzi kila kikao, na profesa anaweza kulimaliza kabisa kwa kusema mbele ya watu, "Hapo umenipata, nitaenda kufikiri." Na mwanafunzi huyo aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili. Makongamano ya Kiswahili yanaendeshwa hivyo miaka yote, na wazee wa Oruka walihojiwa kwa lugha zao wenyewe. Anayetafuta neno la Kiingereza huku kipaza sauti kikimsubiri huishia kuuliza swali dogo kuliko lile alilokuwa nalo.