Eti siye ndiyo matajiri

Leo asubuhi, hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, kameingia kabinti kamoja na tableti mkononi, beji shingoni, kanahesabu umaskini lupango kwa lupango, yaani kiwanja kwa kiwanja. Nikavaa shati, nikakalia kile kiti kizima. Mutu wa heshima haulizwi umaskini wake akiwa na singleti.

"Papa, paa ni nyasi ama bati?" Bati. Kakabonyeza, hakakuuliza bati linavujia wapi. "Mnakula mara ngapi kwa siku?" Nikauliza binti yangu, unahesabu bukari, ugali wenyewe, ama unahesabu kunusa bukari ya jirani, kakasema papa chagua tu, moja, mbili ama tatu, nikasema mbili kwa sababu mama watoto alikuwa anasikiliza. "Kuranti, umeme, iko?" Nikakaonyesha nguzo, nyaya zinapita vizuri mbele ya lupango, kuranti yenyewe tunaionaga kama mgeni wa Noeli. Kakabonyeza NDIYO. We! Futa! Eti tableti inauliza kama nyumba imeunganishwa, haiulizi kama inawaka.

Nikauliza basi ule mradi wa serikali wa kuendeleza teritwari 145, zile wilaya za mashambani, unafika kwetu lini. "Papa, Lubumbashi ni mji, si teritwari." Kumbe! Kipushi ni teritwari, kilomita kama 30 hivi, basi nihamishe masufuria. "Halafu hapa ni jimbo la madini, papa." Ndiyo mama, chukua kobalti yote inayoshuka na malori mpakani Kasumbalesa, igawanye kwa vichwa vyetu, utaona mimi ni bwana mkubwa, ila malori hayajajua. Sheria ya madini ya 2018 inasema kwenye mrabaha wanaolipa wenye migodi 25% ni ya jimbo, 15% ya komini na sheferi, serikali ndogo za mahali mgodi uko. Katiba ya 2006 inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na 10% iingie kase ya perekwasio, mfuko wa kusawazisha, kuinua majimbo yaliyobaki nyuma. Sasa binamu yangu yuko jimbo la Haut-Lomami, mpaka 2015 tulikuwa jimbo moja la Katanga, wakalikata, tukalala ndugu tukaamka yeye fukara mimi tajiri. Mimi ile 40 sijaionja, yeye ile 10 hajainusa, lakini anabipu kila siku, "yaya, mkubwa wangu, wewe uko kwenye shaba, tuma kitu."

Nikiwa bado nachemka tableti ikazima, betri imekufa. Kanaomba nikachajie! Na kuranti gani, ile ya NDIYO? Nimekatuma kwa jirani mwenye paneli, anachaji kwa franga, na huyo naye tangu anunue paneli hasalimii mutu. Na makala ya kupikia je? Mama wa pale kona amepandisha tena, eti mvua imeloanisha njia. Mvua gani Lubumbashi mwezi wa saba?