Mathenge Haukomi kwa Panga

Ushauri unaotolewa sana Baringo, Tana River, Garissa na Turkana, kaunti za Kenya zilizovamiwa na mathenge (Prosopis juliflora, mti wa miiba wa kigeni), ni huu: kateni mathenge, chomeni mkaa, mti utakwisha wenyewe. Naupinga. Ukiishia hapo, ushauri huo unaongeza mathenge.

Siri iko chini ya udongo. Macho ya kuchipua yamejificha kwenye shingo ya mzizi, pale shina linapogeuka kuwa mzizi. Mchoma mkaa akipiga panga juu ya ardhi, macho hayo yanabaki salama, na mizizi iliyozama mbali kutafuta maji inayalisha upesi. Mti uliokuwa na shina moja unarudi na mashina mengi membamba, kichaka cha miiba ambacho mbuzi hapenyi na mkaa wake hauna faida. Kwa hiyo chimba kuzunguka kisiki, ondoa udongo mpaka uione shingo yote, kisha ukate chini yake kwa shoka au sululu. Mara nyingi ni sentimita 10 hadi 30 kwenda chini, na zaidi pale ambapo mafuriko yamerundika tope juu ya shina. Kazi hii ifanywe baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Miche michanga ing'olewe kwa mkono wakati huo huo, kabla mzizi haujashika.

Upande wa pili wa tatizo ni maganda yanayobeba mbegu za mti huu. Ni matamu, na mifugo huyafuata hasa nyasi zikikauka. Mbegu zenye ngozi ngumu hupita tumboni nyingi zikiwa nzima, zikaangukia kwenye kinyesi chenye unyevu na mbolea. Ndiyo maana mathenge hujipanga kando ya njia za mifugo, mabomani na kwenye mikondo ya maji. Samadi ya boma kama hilo ukiitia shambani mbichi, umepanda mathenge kwa mikono yako.

Dawa ya maganda ni kinu. Yakusanye yakiwa yameanguka, yaanike mpaka yavunjike kwa sauti ukiyakunja, kisha uyasage siku hiyo hiyo. Yakiwa na unyevu, sukari inayeyuka na kuziba chekecheke ya mashine, na wengi hukata tamaa hapo. Kusaga kunavunja mbegu, na protini iliyomo inamfikia mnyama badala ya kutoka na kinyesi. Lakini unga huo usizidi robo ya chakula cha siku. Kilichobaki kiwe nyasi au malisho mengine. Mbuzi au ng'ombe anayeshinda kwa maganda matupu kwa miezi huharibika meno, na wengine hulegea taya na ulimi wasiweze kutafuna. Wakazi wa Baringo walioishtaki serikali kwa sababu ya mti huu na kufika mahakamani na mbuzi asiye na meno hawakuwa wakitia chumvi.

Siuchukii mti huu. Uliletwa Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973 kurudisha uhai kwenye machimbo, kisha ukapelekwa Bura (Tana River) na Baringo miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia mmomonyoko. Kuni zake ni nzito, maua yake yanalisha nyuki, mizizi yake inatia nitrojeni udongoni. Karibu na nyumba, acha miti michache yenye shina moja, pogoa matawi ya chini, ondoa iliyo katikati, na nyasi zitapata mwanga. Kwenye kingo za mito na malisho ya mabondeni sina huruma: ung'olewe wote, kwa sababu hapo unakunywa maji, unafunga njia za mifugo na kusambaza mbegu kila mafuriko yanapokuja.

Ardhi ikishasafishwa ipandwe nyasi za kienyeji msimu huo huo, na ifungwe mpaka zishike. Udongo mtupu wenye akiba ya mbegu utaota mathenge tena, na akiba hiyo hukaa miaka mingi. Anayesafisha ekari moja na kuirudia kila baada ya mvua ana maana kuliko anayefyeka kumi na kuondoka.

Serikali ilishautangaza kuwa magugu hatari mwaka 2008, ila tangazo haling'oi kisiki. Kibali cha mkaa wa mathenge kitolewe kwa sharti: mkaguzi akague mashimo ya visiki kwanza, ndipo magunia yapakiwe.