Si kila ua jeupe linalonukia ni asumini

Jirani yangu kanunua mche kwenye kitalu kimoja hapa mjini. Umebandikwa jina ASUMINI, naye kaupanda chini ya dirisha la chumba cha watoto, akitaka binti yake atungiwe maua ya nyumbani siku ya harusi. Nikautazama: majani marefu yanayopishana kwenye tawi, maua vijibomba vyembamba vya kijani kilichopauka. Ule ni Cestrum nocturnum, ukoo mmoja na mtunguja, na vitunda vyake vyeupe ni sumu.

Nimekasirika, na simkasirikii jirani. Waingereza huuita mmea huo asumini ya usiku, na muuza miche akatafsiri jina bila kuutazama mmea wenyewe. Kwao karibu kila ua jeupe lenye harufu ni asumini. Gardenia jasminoides, ambayo asili yake ni China, wanaiita asumini ya Rasi, yaani ile Rasi ya Tumaini Jema ya Afrika Kusini. Murraya paniculata, ukoo wa mchungwa na mlimau, nayo wameipachika uasumini. Wana mazoea yao. Lakini sisi wa pwani tunayachukua ya nini, wakati majina tunayo?

Mwasumini wetu ni Jasminum sambac. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, na vikonyo vya maua huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vifumbuke usiku vikiwa kichwani kwa mwenyewe. Waliotufundisha kutunga vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, hawakusoma kibandiko chochote. Walijua rehani ni ipi, mkadi hukatwa vipi, na kilua si langilangi hata ukiwa umefumba macho.

Hapo kwenye kilua ndipo panaponiuma zaidi. Mkilua na mlangilangi wote ni wa ukoo wa mstafeli, ila mlangilangi, Cananga odorata, ni mti uliotoka Kusini-Mashariki mwa Asia, na mkilua ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kwenda Kew, bustani kubwa ya mimea ya Uingereza, alipouandika rasmi mwaka 1970 hakuuzulia jina la Kilatini la mbele. Alilichukua letu: Mkilua fragrans. Mtu yeyote duniani anayeutaja kitaalamu leo analazimika kutamka Kiswahili. Halafu mimi nafungua simu, naona picha ya kilua imewekwa na mtu wa kwetu, na chini yake kaandika ilangilangi. Inaniuma kwa kweli. Jina ambalo sayansi imelipokea kwa heshima tunaliacha lipotee mikononi mwetu.

Haya, nakubali kwamba majina ya kitaalamu nayo hubadilika. Mkarafuu umekuwa Caryophyllus, ukawa Eugenia, sasa ni Syzygium aromaticum. Tena upo mwasumini mwitu wa Afrika unaoitwa Jasminum fluminense, yaani wa Rio de Janeiro, kwa sababu Vellozo, mtaalamu wa mimea wa Brazili, aliuelezea kutokana na mimea ya huko kwao, ambako ulikuwa umepelekwa. Majina ya Kiswahili nayo hutofautiana mji kwa mji. Lakini jina la kitaalamu likibadilika, la zamani hubaki kwenye kumbukumbu na utalifuata mpaka ufike kwenye mmea. Kibandiko kilichotafsiriwa ovyo hakikufikishi popote, na anayedhurika ni mtoto aliyeokota kitunda.

Kwa hiyo nawaomba wauza miche, na naomba kwa dhati: andikeni jina la Kiswahili mnalolijua kwa hakika, na la kitaalamu chini yake. Mmea usio na jina la Kiswahili uacheni na la kitaalamu peke yake, hakuna aibu. Na huo Cestrum uandikeni SUMU kwa herufi kubwa kama mlizoandikia ASUMINI. Jirani yangu ameshaung'oa. Sasa tunatafuta kijiti cha mwasumini wa kweli, na mwenye nao uani mwake anijulishe.