Ndevu Zangu na Msonobari wa Arizona

Mimi ni mtoto wa Mafinga, nimekulia jirani na shamba la miti la Sao Hill. Kwa hiyo nilipopata kibarua cha kupima miti huko Flagstaff, Arizona, niliwatangazia wenzangu kwamba msonobari hauna jipya kwangu.

Kule ni kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukavu wake unapasua midomo. Misonobari mikubwa ya ponderosa husimama mbalimbali, kila mmoja na himaya yake ya maji, katikati nyasi. Zamani moto mdogo ulipita kwenye nyasi ukafyeka miche. Wazee wenye gamba nene hawakushtuka. Watu walipoanza kuzima kila moto, miche ikajaa. Iko iliyoota kwa mkupuo mwaka 1919, mbegu nyingi zilipokutana na mvua nzuri, na hadi leo inabanana ikigombea maji. Humo ndimo tulimopenya na utepe wa kupimia, tukichanwa mashati.

Mwenzangu, dada wa Eldoret, akaniambia, "Buda, nusa gamba. Linanukia vanila."

Nikanusa mti mweusi mweusi. Vumbi tupu.

"Huo bado kijana! Tafuta mzee, gamba la rangi ya chungwa."

Nikampata mzee. Nikaukumbatia, nikazamisha pua kwenye ufa, nikafumba macho. Vanila kweli, jamani! Nikavuta pumzi hadi tumboni. Kurudi nyuma, kidevu kikagoma.

Kumbe mbawakawa walikuwa wametoboa mti ule, nao ukajibu kwa kumwaga utomvu kwenye matundu ili uwazamishe. Ukame ukizidi mti hukosa nguvu hiyo, mbawakawa wakaumaliza. Huu wangu haukuwa na upungufu wowote.

"Profesa!" nikapiga kelele, mdomo ukiwa umebanwa upande.

Akaja mbio. Akanipita, akachungulia utomvu, akafurahi kama amepata mjukuu. "Safi sana! Mti unajitetea! Usitikisike, napiga picha."

Dada wa Eldoret ndiye aliyenihurumia, baada ya kucheka hadi akakaa chini. Akafungua mkate wake wa mchana, akanipaka siagi ya karanga kidevu kizima, maana mafuta hulainisha utomvu. Nikachomoka. Nusu ya ndevu haikuchomoka.

Sijamaliza kushukuru, akatua ndege wa buluu mwenye kishungi, jeuri kama kondakta wa daladala, akaitaka ile siagi pale pale ilipo. Nilikimbia nikiwa nimeziba uso kwa fomu za utafiti.

Jioni tukakabidhi takwimu. Kwenye safu ya maelezo ya mti ule, dada alikuwa ameandika: "Utomvu mwingi. Manyoya ya mnyama, spishi haijatambuliwa."

Profesa akasoma, akaniangalia kidevu, akaweka alama ya vema.