Jibu Sahihi, Hoja Pungufu: Makadirio katika Nadharia ya Einstein

Milinganyo ya mvutano aliyoikamilisha Einstein mwaka 1915 haina suluhisho kamili linalojulikana kwa magimba mawili yanayozungukana, hivyo tunayoyasema kuhusu mwendo wake na mawimbi ya mvutano yanayotoka humo hutegemea makadirio au hesabu za kompyuta. Je, makadirio hayo yanafaa kuaminiwa kwa kiasi gani?

Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor, wakitumia darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, waligundua pulsa, yaani nyota ya nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota) inayotuma midundo ya redio, inayozungukana na mwenzake kila baada ya saa 7.75. Fomula ya kwadrupoli, ambayo hukadiria nishati inayopotea kwa mawimbi ya mvutano na ambayo Einstein aliitoa 1916 na kuisahihisha 1918, inatabiri kwamba muda huo hupungua kwa mikrosekunde 76 hivi kila mwaka. Mwaka 1976 wanafizikia Ehlers, Rosenblum, Goldberg na Havas waliweka pingamizi: fomula hiyo ilipatikana kwa magimba yasiyofungwa na mvutano wao wenyewe, ilhali nyota hizi zimefungwa na mvutano huohuo, tena, mfululizo wa makadirio, yaani masahihisho madogo yanayoongezwa hatua kwa hatua, ulipoendelezwa, baadhi ya hesabu zilitoa majibu yasiyo na kikomo.

Watetezi wa fomula walijibu kwa vipimo, ambavyo baadaye vilikubaliana na utabiri kwa tofauti ya asilimia 0.2 tu. Kwa maoni yangu, jibu hilo lilikwepa swali. Vipimo vilithibitisha fomula. Havikuonyesha kwamba fomula inatokana na nadharia, na kama haitokani nayo, basi kulingana kwake na pulsa hakuipi nadharia sifa yoyote.

Ugumu wenyewe unaonekana kwenye tarakimu. Nyota hizo zinapokaribiana zaidi, kasi hufika kilomita 450 kwa sekunde, yaani 0.0015 ya kasi ya nuru. Breki inayosababishwa na mawimbi hujitokeza katika kipeo cha tano cha uwiano huo, takriban sehemu moja katika trilioni 100, kwa hiyo masahihisho yote makubwa kuliko hiyo sharti yahesabiwe kwanza bila kuacha kitu. Wanafizikia Damour na Deruelle walifanya kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sidhani ingefanywa kwa umakini ule bila kelele za wapinzani.

Hata hivyo, wapinzani wakidai uthibitisho wa jumla kwamba mfululizo hukaribia jibu la kweli, tungali tunasubiri. Mashimo meusi ambayo mawimbi yake yalinaswa Septemba 14, 2015 yaligongana kwa kasi inayofikia nusu ya ile ya nuru, mahali ambapo mfululizo hautegemeki. Huko kompyuta ndiyo mwamuzi, tangu mwanafizikia Pretorius alipofaulu mwaka 2005 kuiga kwa kompyuta muungano wa mashimo meusi mawili. Lakini nyota za nyutroni za Agosti 17, 2017 zilisikika kwa mizunguko ya mawimbi ipatayo 3,000, safari ndefu mno kwa kompyuta kuifuata hatua kwa hatua, na sehemu yake kubwa bado husomwa kwa mfululizo uleule.