Kipindi cha Ustawi, Nani Akifundishe?

Waraka huja na maneno mazuri. Kuanzia muhula ujao kila darasa litakuwa na kipindi cha ustawi, wanafunzi wafundishwe kutambua hisia zao, kukabili msongo wa mawazo na kuomba msaada mapema. Nani atapinga? Lakini shuka hadi mstari wa mwisho: kipindi hicho kitafundishwa na mwalimu wa darasa, naye atajaza fomu ya utekelezaji kila mwisho wa mwezi. Vipindi vyake vingine ni vile vile, madaftari ya kusahihisha ni yale yale, zamu yake iko pale pale. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hata hivyo, wanaoandika nyaraka hizo wana hoja, tena nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawatafika kliniki kwa miguu yao, ila darasani watafika. Mwalimu anamwona mtoto karibu kila siku, anajua alivyokuwa mwezi uliopita, na akianza kunyamaza au kusinzia au kupigana ovyo, mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kugundua. Kuiacha nafasi hiyo ipotee kwa sababu "kazi ya shule ni kufundisha tu" ni uzembe uliovikwa joho la msimamo.

Historia nayo iko upande wao. Mwaka 1902, mjini New York, wakaguzi wa afya walikuwa wakiwarudisha nyumbani watoto wenye chawa, mashilingi na maradhi ya macho. Watoto walirudishwa, lakini hawakutibiwa, na kwa hiyo hawakurudi shuleni. Ndipo muuguzi Lina Rogers alipopewa shule nne kwa majaribio. Alisafisha vidonda, alipaka dawa, alikwenda majumbani kuzungumza na wazazi. Idadi ya watoto waliokosa masomo kwa sababu za afya iliporomoka, na jiji likaajiri wauguzi wengine.

Kisa hicho hupenda kusimuliwa kama ushahidi kwamba afya na elimu havitenganishwi. Sawa. Mimi naona jambo jingine ndani yake, ambalo msimulizi hulipita: Rogers alikuwa mtu wa ziada. Hakuna aliyewaambia walimu waendelee kufundisha kusoma na kuhesabu huku wakipaka watoto dawa ya mashilingi kati ya kipindi na kipindi.

Sasa tutazame kilichotokea pale mzigo ulipokabidhiwa darasa lenyewe. Uingereza walifanya jaribio kubwa lililoitwa MYRIAD, matokeo yake yakatolewa mwaka 2022. Shule 85 zilihusika, na wanafunzi zaidi ya 8,000, wengi wa miaka 11 hadi 14. Nusu ya shule zilifundisha utulivu wa akili, yaani kuvuta pumzi taratibu na kuielekeza fikra kwenye wakati uliopo. Nusu nyingine ziliendelea na utaratibu wao wa kawaida. Kwa wanafunzi, mafunzo hayo hayakuonyesha nafuu kuliko utaratibu wa kawaida. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani, jambo ambalo mzazi yeyote wa kijana angeweza kulibashiri bila utafiti.

Ila kuna kituko ndani ya matokeo hayo. Walionufaika walikuwa walimu. Ilibidi wajifunze wao kwanza kabla ya kufundisha, na mara baada ya mafunzo uchovu wao wa kazi ulipungua. Mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa imefifia kwa kiasi kikubwa. Anayependa programu atasema: mnaona, inasaidia. Anayezipinga atasema: mnaona, haidumu. Wote wawili wamesoma sawasawa. Mtu ukimfundisha kupumua kisha ukamrudisha kwenye chumba kisicho na hewa, atapumua vizuri kwa muda.

Nasisitiza upande wa mwalimu kwa sababu afya yake haibaki kwake. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Kanada, Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl, walichapisha uchunguzi wa madarasa ya shule za msingi ambamo walipima kwenye mate ya wanafunzi kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokabili msongo. Katika madarasa ambayo mwalimu alisema amechoka zaidi na kazi, kotisoli ya asubuhi ya wanafunzi ilikuwa juu zaidi. Tuwe waangalifu: walimu walikuwa 17 tu, na kipimo cha aina hiyo hakituambii nani alimwambukiza nani. Huenda darasa gumu ndilo linalomchosha mwalimu. Lakini kwa mpangaji wa sera jibu halibadiliki sana, kwani kwa vyovyote vile huwezi kuwatibu watoto wa darasa hilo ukamwacha aliyesimama mbele yao.

Na tuelewane kuhusu uchovu huu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa vyema, likaueleza kama suala la kazi na si ugonjwa. Kama chanzo kiko kazini, basi semina ya Jumamosi kuhusu namna ya kupumzika ni mzaha, hasa ikiwa imechukua Jumamosi yenyewe. UNESCO inasema kiwango cha walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi duniani kilipanda kutoka asilimia 4.6 mwaka 2015 hadi takriban asilimia 9 mwaka 2022. Kila anayeondoka huwaachia wenzake vipindi vyake.

Je, jibu ni kubadili mpangilio wa shule badala ya kuongeza masomo? Naegemea huko, ingawa nako si mteremko. Mwaka 2016 jiji la Seattle, Marekani, lilisogeza kengele ya asubuhi ya shule za sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45, na wanafunzi waliopimwa wakaongeza takriban dakika 34 za usingizi kwa siku za shule. Hakuna aliyefundishwa somo la usingizi. Jimbo la California, nchini humo humo, likatunga sheria mwaka 2019, iliyoanza kutumika 2022, kwamba sekondari za juu zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Lakini kengele haisogei peke yake: ratiba za mabasi hupanguka, michezo ya jioni husukumwa gizani, na mzazi anayeingia kazini alfajiri hubaki akijiuliza mtoto atatoka nyumbani na nani. Waraka wa kipindi cha ustawi hauna gharama hizo, ndiyo maana unapendwa.

Kwa walimu wanaosema "sisi si madaktari", nakubaliana nao nusu. Kutambua ugonjwa na kutibu si kazi yao, na kuwalazimisha ni kuwahatarisha watoto. Lakini mtoto mwenye siri nzito hachagui msikilizaji kwa kutazama vyeti. Atampita mshauri nasaha ofisini kwake, ataenda kwa mwalimu wa jiografia kwa sababu siku moja alimcheka kwa upole alipokosea. Hilo huwezi kulipangia ratiba, wala huwezi kulizuia. Mwalimu huyo anachohitaji ni kujua la kusema katika dakika kumi za mwanzo, kuwa na mtu mwenye ujuzi wa kumkabidhi mtoto siku hiyo hiyo, na kuwa na dakika kumi zenyewe. Mawili ya kwanza huandikwa kwenye nyaraka nyingi. La tatu lina bei: vipindi viwili au vitatu kwa wiki visivyo na darasa, vihesabiwe kuwa kazi, na aajiriwe mtu wa kuvijaza.