Bibi wa Miaka 72 Nilikuwa Mimi

Kwa kuwa mshenzi mmoja, anajijua, ameshaimwaga habari yangu ya kazini kwenye makundi ya WhatsApp na chumvi kilo mbili juu yake, wacha niiseme mwenyewe. Sikuimba taarabu. Hiyo kaongeza yeye.

Kazi ilikuwa kura ya maoni. Unapewa tableti, unashushwa Kaloleni, unaanzia msikitini, kisha kila nyumba ya tano mkono wa kulia: "Uchaguzi ukifanyika leo, ungemchagua nani awe rais?" Nyumba ya kwanza, mbwa. Ya pili, mzee akauliza nimekuja na sukari au na mdomo mtupu. Jua la saa saba. Nikaona kibanda cha mahamri, nikaketi, nikapika wahojiwa 12.

(Msininunie. Mwaka 2022 kura nyingi za maoni zilimweka Raila mbele, Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Sikuwepo, kabla hamjaanza.)

Nilipika kwa ustadi jamani! Wanawake nusu, vijana wa kutosha, wawili "hawajaamua". Na kwa kuwa tableti hupima muda, hojaji ya dakika mbili inatupwa, nikawa nasoma maswali kwa sauti na kujijibu. Nikanogewa. Nikaanza kubadilisha sauti.

Nisichojua: tableti hiyohiyo hunasa sauti kimyakimya.

Jana, mkutanoni, watu kama 20. Msimamizi akasema, "Hebu tumsikilize huyu bibi wa miaka 72." Akabonyeza. Kijiko kikakoroga kikombe. Ngwi, ngwi, ngwi. Kisha mimi: "Shikamoo bibi." Kimya. Kisha mimi tena, nyembamba, na kikohozi: "Marahaba mwanangu."

Mtu wa nyuma akapaliwa na maji.

"Bibi, nchi inaelekea kuzuri au kubaya?"

"Aaah, mwanangu, magoti tu ndiyo nayajua yanakoelekea."

Nikaanza kuomba stima ipotee. Haikupotea. Ikaingia sauti ya mama wa kibanda, wazi kabisa: "We kijana, hamri la sita hilo, unalipa?"

Na bibi, wallahi na kikohozi chake, akajibu: "Niandikie, mama, nitalipa jioni."

Msimamizi akasimamisha. "Bibi alilipa?"

Hakulipa.

Basi: tableti nimerudisha, siku nne hazilipwi, wahojiwa wangu 12 wamefutwa, Mungu awarehemu. Na wewe msambaza habari, ramani ya tableti yako ilionyesha nyumba 15 zote ndani ya mangwe moja, kilabu cha pombe ya mnazi. Tuendelee au tunyamaze?